Mayai Tisa ya Kidani

Mjusi wa Shaweji Mtimbwa alitaga mayai tisa, na hakuwa na mume.

Mahali pengine hili lingekuwa jambo la kucheka. Watu wangeyatupa mayai jalalani wakaendelea na shughuli zao. Lakini Shaweji alikuwa Afisa Tarafa katika nchi ambayo mjusi ni mambo ya serikali, na aliyeyaona mayai kwanza alikuwa mkewe, Bi Siwema, ambaye hakuzaliwa na sauti ya kunong'ona.

"Shaweji! Njoo utazame alichonifanyia binti yako!"

Shaweji alitoka bafuni na povu masikioni. Siwema alikuwa amesimama juu ya kapu lake la ukindu, kapu la kanga za arusi, ambalo hata mume haligusi mpaka aombe. Ndani ya kanga ya juu kabisa yalikuwemo mayai tisa meupe, madogo kama njugu, na juu ya mayai amelala Kidani, mjusi wa nyumba, ametulia kama mke wa waziri.

"Haiwezekani," alisema Shaweji. "Huyu hana mume. Hata nje hatoki peke yake."

"Wazazi wote husema hivyo."

"Siwema, usifanye mzaha. Hili linatupeleka Chumvini."

"Linakupeleka wewe. Mimi sikununua mjusi."

Inafaa kueleza kwa nini mtu mzima mwenye ofisi na bendera mezani alitetemeka kwa ajili ya mayai ya mjusi.

Mkuu wa nchi ile aliitwa Mlezi wa Taifa, kwa kuwa alianza kulilea taifa tangu likiwa dogo, na mpaka leo halijakua. Mwaka mmoja walifika wageni kutoka visiwa vya mbali wakamletea zawadi ya mjusi: mwili wa dhahabu, mkia wa buluu kama umechovywa kwenye nili. Wageni walisema hapa nchini hakuna wa pili. Mlezi akafurahi, maana yeye naye hakuna wa pili. Akamwita Johari. Akampenda hata akaamuru aandikwe kwenye daftari la vizazi kuwa ni binti yake halali, ili apate pasipoti na posho ya safari. Magazeti yalikuwa yakitoa picha ya Johari begani kwa Mlezi kwenye vikao vya baraza la mawaziri. Mjusi akifumba macho, gazeti huandika kwamba anatafakari. Mawaziri wakifumba macho, hakiandikwi kitu.

Haukupita muda kila mwenye cheo akawa na mjusi. Hapo ndipo palipoingia fujo, kwa sababu karani mmoja wa forodha alionekana na mjusi mzuri kuliko wa waziri wake, na waziri akalazwa kwa presha. Bunge likakaa likapitisha Sheria ya Uadimu. Kadiri cheo chako kinavyopanda, ndivyo mjusi wako anavyotakiwa kuwa wa nadra. Balozi wa mtaa alipewa mjusi kafiri, yule wa ukutani. Diwani alipewa guruguru. Mkuu wa Wilaya gorong'ondwe. Mawaziri walipewa wale wanaokuja na ndege na kulishwa zabibu. Mlezi peke yake alikuwa na aina ya mmoja tu. Ikaundwa Wizara ya Wanyama Wenye Hadhi, yenye manaibu waziri watatu na tundu moja.

Na kosa kubwa kuliko yote katika sheria ile liliitwa Kumpunguza Mlezi. Maana yake ni kufuga mjusi wa aina ya Johari. Wakishakuwa wawili, walieleza wanasheria, Mlezi anabaki na nusu ya heshima. Adhabu yake ni Chumvini, kuchota chumvi mpaka Mlezi atakapokukumbuka. Mlezi alisifiwa kwa mengi, lakini kumbukumbu haikuwa mojawapo.

Shaweji kwa cheo chake alitakiwa kuwa na guruguru wa kijivu. Alimnunua kwa mfanyabiashara mmoja wa soko la uwanja wa ndege aitwaye Msenga, akiwa kidole tu, kijivu kweli. Alipokua akaanza kung'aa. Kwanza shingo, halafu tumbo, halafu asubuhi moja mkia ukaamka buluu. Tangu siku hiyo Shaweji alikuwa akipiga rangi nyeusi ya viatu kila asubuhi kabla ya kwenda kazini. Akimaliza viatu, humalizia mjusi, mpaka arudie ukijivu.

Siwema alikwisha kumwuliza kwa nini asimpeleke tu porini.

"Akionekana porini watauliza katokea kwa nani," alijibu Shaweji.

Hiyo ilikuwa sababu ya kusema mbele za watu. Sababu nyingine ni kwamba Kidani alikuwa na mazoea ya kupanda begani kwake wakati wa taarifa ya habari, akatia kichwa chini ya kola ya shati, akalala. Shaweji na Siwema walikuwa wameoana miaka ishirini na miwili na Mungu hakuwapa mtoto. Hawakuwa wakilizungumza tena. Lilikaa mle ndani kama kabati kubwa ambalo kila mtu amezoea kulizunguka.

"Tuyakaange," alisema Siwema, akitazama mayai.

"Tuyakaange," aliitikia Shaweji.

Jioni aliporudi kazini alikuta kapu limesogezwa karibu na jiko la mkaa, mahali penye joto, na mayai yamefunikwa kanga ya pili. Hakuuliza. Siwema alikuwa anachambua mchele kwa ukali mwingi.

*

Walipoanguliwa, walikuwa tisa, na mikia tisa ya buluu. Rangi ya viatu iliisha siku ya pili.

Mmoja wao, yule mtundu, alipanda ukuta akaenda zake kwa jirani. Jirani alikuwa Balozi Kidawa, mama mwenye filimbi shingoni na mjusi kafiri wake kamfunga uzi. Akamchungulia Shaweji kwa juu ya ukuta.

"Shemeji Shaweji, huyu mwenye mkia wa buluu ni wa kwako?"

"Wa kwangu ni wa kijivu, shemeji. Unamjua."

"Basi huyu ni Johari mwenyewe. Kanyauka lakini ndiye. Katoroka Ikulu. Nipige simu?"

"Usipige!"

"Aa, mbona nimeshapiga."

Walikuja na magari saba. Walitegemea kumkuta mjusi mmoja, wakawakuta kumi, na mkuu wa msafara akalazimika kukaa chini kwenye mkeka wa Siwema aombe maji. Katika maisha yake hakuwahi kuona Mlezi akipunguzwa kwa kiasi kile. Alijaribu kupiga hesabu ya heshima iliyobaki, akaacha.

Wengine walitaka Shaweji aende Chumvini siku ile ile. Lakini nchi ile ilikuwa na utaratibu wake. Mtu hahukumiwi mpaka ijulikane kosa ni la nani, na hapa palikuwa na kosa lisilokuwa na baba. Watoto tisa, mama yupo, baba hayupo. Kwa mila ya pale hakuna kitu kinachoitwa mtoto mpaka kitajwe ni wa fulani. Hata ndama sokoni huulizwa. Basi ikaundwa Tume ya Kumtafuta Baba, mwenyekiti Jaji Mstaafu Lukindo, mzee ambaye alikuwa amestaafu mara nne na kila mara akaagwa kwa zawadi ya kochi.

Tume ilianza kazi kwa kukamata mijusi madume wa mji mzima. Walikamatwa ukutani, darini, nyuma ya picha za Mlezi, ambako walikuwa wengi zaidi. Balozi Kidawa mwenyewe alimpeleka wa kwake na uzi wake, akilia. "Mlinzi huyu, Mheshimiwa, usiku mzima yuko kwenye taa," alisema, "hana nafasi ya uhuni." Hawakumsikiliza. Waliwekwa wote kwenye ghala la uwanja wa mpira, na mbu wa mji, walipoona kuta ziko tupu, wakaitana.

Kisha likafanywa gwaride la utambulisho. Mijusi madume walipangwa juu ya meza ndefu yenye kitambaa cha kijani. Kidani akabebwa kwenye mto, akapitishwa mbele yao taratibu, mmoja mmoja, ili amtaje mhusika. Hakumtazama hata mmoja. Alipofika mwisho alimeza nzi.

"Andika," alisema Jaji Lukindo. "Shahidi ni mkaidi."

Tume ikaita mtaalamu, Daktari Nyamizi, binti aliyesomea wanyama nje ya nchi. Alikuja na vitabu akaeleza vizuri tu.

"Waheshimiwa, ipo mijusi ya namna hii. Majike watupu. Hutaga mayai bila dume, na mayai huanguliwa."

Karani wa Tume akaweka kalamu chini.

"Katika nchi hii?" aliuliza Jaji.

"Popote, Mheshimiwa."

"Bila dume kabisa?"

"Kabisa."

Jaji alivua miwani. "Binti yangu, sasa maneno hayo yakitoka nje ya ukumbi huu, sisi wanaume tutasema tunafanya kazi gani?"

Daktari Nyamizi alihamishiwa siku ile ile kuwa Afisa Uvuvi katika wilaya isiyokuwa na maji.

*

Siku ya hukumu Siwema alikaa benchi la nyuma, amejifunga kanga ya pili, ile iliyofunika mayai. Alikuwa amemletea mumewe wali kwenye kibakuli, kwa kuwa hakujua Chumvini wanakula nini.

Jaji Lukindo alisoma taarifa. Baba ametafutwa, hakupatikana. Kwa hiyo inatumika sheria ya zamani ya daftari la vizazi, isemayo kwamba mtoto asiyejulikana baba huandikwa kwa jina la mwanamume mwenye nyumba.

"Kwa hiyo baba ni wewe, Shaweji Mtimbwa."

"Mimi, Mheshimiwa?"

"Tisa. Hongera."

Watu walicheka. Shaweji naye, na hili hakumwambia mtu yeyote baadaye, alisikia kitu kikimruka kifuani. Hakuwahi kuitwa baba. Ilidumu kama kupepesa jicho, halafu akakumbuka alipo.

Halafu akaitwa shahidi wa mwisho, Msenga wa soko la uwanja wa ndege. Msenga alikuwa amelala mahabusu na hakuwa na hamu ya kulala tena.

"Mijusi walikuwa wawili, Mheshimiwa. Nilinunua mayai mawili ya tumbo moja, yaliyotagwa miaka tofauti. Mmoja nilimwuzia huyu Bwana Tarafa."

"Na wa pili?"

Msenga alikuna kichwa. "Wa pili niliwauzia wale wageni wa visiwani. Walishuka kwenye ndege wakakumbuka hawakubeba zawadi."

Kwa hiyo Johari hakutoka visiwa vya mbali. Alitoka kibanda cha nne, karibu na wauza soksi. Lakini Jaji Lukindo hakuwa amestaafu mara nne bure. Alifumba macho, akatafakari kama Johari, na alipoyafumbua alikuwa ameona njia.

"Ngojeni. Johari ni binti halali wa Mlezi. Imeandikwa. Huyu Kidani ni ndugu yake tumbo moja. Basi huyu naye ni binti wa Mlezi. Huwezi kuwa na binti mmoja katika ndugu wawili. Na baba wa watoto wa Kidani ni huyu hapa." Alisimama. Tume yote ikasimama. "Shaweji Mtimbwa ni mkwe wa Mlezi wa Taifa."

Askari aliyemshika Shaweji mkono wa kulia aliuachia, akaanza kuupangusa vumbi.

Jaji akashuka kwenye kiti, akaja karibu, akasema kwa sauti ya chini ambayo hata hivyo ilifika benchi la nyuma.

"Sikiliza, mwanangu. Mkwe hahukumiwi. Lakini mkwe lazima akubali ndoa. Ukisema hapana, huyu si mkeo na hawa si wanao, basi unarudi kuwa mtu aliyempunguza Mlezi mara kumi. Mkwe au mhalifu. Hakuna cha tatu."

Shaweji aligeuka akamtazama Siwema. Siwema alikuwa ameshika kibakuli kwa mikono miwili. Hakutikisa kichwa wala hakukubali. Alikuwa anangoja tu, kama mtu anayetaka kusikia bei.

Aliwaza juu ya Chumvini. Aliwaza kwamba ni karatasi tu, na karatasi haimli mtu.

"Mkwe," alisema Shaweji.

Makofi yalikuwa makubwa. Yalipotulia, sauti ya Siwema ikasikika wazi, bila kupaza, kwa mara ya kwanza katika ndoa yao.

"Kwa hiyo mimi ni mke mwenza wa mjusi."

*

Walipewa nyumba ya serikali yenye geti na bustani. Shaweji akapandishwa hadi Mshauri wa Familia, cheo ambacho hakina kazi na kwa sababu hiyo kina magari mawili. Wakwe wengine wa Mlezi, ambao hakuwa akijua kuwa wapo, walimletea mbuzi.

Tatizo lilikuwa Ofisi ya Itifaki. Afisa mmoja mwembamba alifika na mkanda wa kupimia, akapima vyumba.

"Chumba kikubwa ni cha binti wa Mlezi," alisema.

"Mimi nimeolewa kabla yake," alisema Siwema.

"Mama, kwetu sisi hatutazami tarehe. Tunatazama ukoo."

"Anatumia kitanda kweli?"

"Hatumii. Lakini ni chake."

Basi Kidani akapewa chumba kikubwa, naye akaishi nyuma ya pazia lake. Siwema akapewa cha uani. Kwenye gari, kiti cha mbele cha Kidani. Kwenye karamu, meza ya mbele Kidani kwenye mto, Siwema safu ya tatu nyuma ya nguzo. Wake wa wakubwa walikuwa wakimsogelea na kumpa pole kwa macho, kisha wanamwuliza Shaweji, "Mama watoto hajambo?" na hawamaanishi yeye.

Hilo ndilo lililomkata. Mengine aliyafanyia mzaha. Alikuwa akimwambia Kidani, "Dada, sogea kidogo, nawe una mkia," na Shaweji akicheka alidhani mambo yamepoa.

"Ni karatasi tu, Siwema," alimwambia usiku mmoja, amesimama mlangoni pa chumba cha uani.

"Hata mimi nilichukuliwa kwa karatasi, Shaweji. Uliitia sahihi mbele ya shehe na wajomba zangu. Au ile nayo ilikuwa karatasi tu?"

"Ile ni tofauti."

"Tofauti nini?"

Shaweji alifikiri muda mrefu kuliko inavyofaa. Siwema akazima taa.

Asubuhi kapu la ukindu halikuwepo. Mlinzi wa geti alisema mama ameondoka kwa miguu, na kwamba kwa mujibu wa itifaki hakuweza kumwita teksi, kwa sababu magari yote mawili ni ya binti wa Mlezi.

*

Halafu Johari naye akataga.

Alitaga Ikulu, ndani ya kofia ya gwaride, mayai saba. Tume ya Kumtafuta Baba ikaitwa haraka, ikakaa, ikafungua sheria ya daftari la vizazi, ikasoma: mtoto asiyejulikana baba huandikwa kwa jina la mwanamume mwenye nyumba. Mwenye nyumba ya Ikulu anajulikana. Na Johari ni binti yake.

Inasemekana Jaji Lukindo alistaafu mara ya tano papo hapo, bila kungoja kochi.

Helikopta ilitumwa wilaya isiyokuwa na maji ikamchukua Daktari Nyamizi akiwa anaandika ripoti ya samaki sifuri. Akavikwa joho, akawekwa mbele ya redio ya taifa, akaambiwa aseme yale yale aliyoyasema mwanzo. Akayasema. Baadaye msemaji wa serikali akaongeza kwamba jambo hili serikali ilikuwa ikilijua tangu zamani, kwamba mijusi wa aina hii hawana baba, hawakuwahi kuwa na baba, na kwamba yeyote aliyeandikwa kuwa baba yao aliandikwa kwa makosa na ajirekebishe. Na kwa kuwa sasa walikuwa wengi mno kuleta heshima, Sheria ya Uadimu ikafutwa. Mlezi alikuwa tayari amehamia kwenye samaki wa mapambo.

Kwa tangazo moja Shaweji hakuwa baba, hakuwa mume wa binti, hakuwa mkwe. Hakuwa hata mhalifu. Alikuwa mtu tu, na begi, nje ya geti.

Alikwenda moja kwa moja kwa kaka yake Siwema, alikokuwa amehamia. Alimkuta uani anaanika kanga kwenye kamba. Kanga ya juu, ile ya mayai, ilikuwa imefuliwa mpaka imepauka.

"Hodi."

"Karibu. Umekuja kama nani?"

"Kama mumeo, Siwema. Wamefuta. Umesikia redioni? Imefutwa yote."

"Nimesikia. Wamefuta yao." Alibana kanga kwa kibanio cha mti. "Mimi siku ile nilikuwa benchi la nyuma na wali mkononi, Shaweji. Ungesema Chumvini, ningekufuata na sufuria. Nilikuwa nimeshafunga mzigo."

"Sikujua."

"Hukuuliza."

Alimpa maji ya kunywa, kwa kuwa mgeni hanyimwi maji. Alipomaliza akapokea bilauri, akaenda kuisuuza, hakurudi.

Basi gharama yake ni hii. Nyumba ya serikali ilirudi serikalini, na magari yake. Cheo cha Afisa Tarafa kilikuwa kimeshapewa mpwa wa Balozi Kidawa. Mijusi tisa wadogo waligawiwa kwa mawaziri siku sheria ilipofutwa, na sita walikufa kwa kulishwa keki. Mijusi kafiri wa mji mzima walisahauliwa ghalani, na mpaka leo watu wanalala ndani ya chandarua mchana. Kidani yuko hai, analala kwenye kola ya Shaweji wakati wa taarifa ya habari, katika chumba cha kupanga. Ongeza kopo moja la rangi ya viatu. Na mke mmoja, wa aina yake, ambaye nchi nzima hapakuwa na wa pili.